Mwalimu Nyerere, madaraka na nyakati ngumu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila ikikaribia Oktoba 14, siku aliyofariki Mwalimu Julius Nyerere, rais wetu wa kwanza, redio zinaanza kurusha sauti yake, na maswali nayo yanaanza. Wanafunzi wa Uraia na Historia wanauliza, vijana waliotoka kubishana kijiweni wanauliza, na wazee nao wanauliza, ingawa wao mara nyingi majibu wanayo tayari na wanachotaka ni kuona kama unayajua. Nimekusanya hapa yale yanayojirudia. Simhesabu Mwalimu kuwa malaika, wala siko na wale wanaomtwisha kila shida tuliyo nayo. Ninachokiona ni kwamba maneno yake kuhusu uongozi hayaeleweki vizuri mpaka ujue siku anayasema alikuwa amesimama wapi, na nyuma yake kumetokea nini.

"Cheo ni dhamana" maana yake hasa ni nini?

Ni mojawapo ya ahadi za mwanachama wa TANU, chama kilichoongoza kudai uhuru, na yote inasomeka hivi: "Cheo ni dhamana, sitatumia cheo changu wala cha mtu mwingine kwa faida yangu." Wengi wetu tunaishia kwenye yale maneno matatu ya mwanzo.

Kijana wa leo akisikia dhamana anafikiria mahakama, mtuhumiwa katoka nje hadi kesi itakapotajwa tena. Hajakosea sana. Kitu kinachowekwa dhamana kina mwenyewe, na mwenyewe atakuja kukidai. Lakini kwangu mimi ukali wa ahadi ile uko kwenye kile kipande cha "wala cha mtu mwingine". Hapo haguswi waziri peke yake. Anaguswa shemeji wa waziri, dereva wa mkurugenzi, na yule anayepiga simu ofisini na kuanza kwa "unajua unaongea na mtoto wa nani?"

Ni kweli alijiuzulu uwaziri mkuu mara tu baada ya uhuru?

Kweli kabisa. Uhuru ulipatikana Desemba 9, 1961. Januari 22, 1962, siku 44 baadaye, alimwachia Rashidi Kawawa kiti akarudi kwenye chama. Alizunguka nchi nzima, na katika kipindi hicho ndipo alipoandika kijitabu chake cha kwanza kuhusu ujamaa.

Sababu aliyoitoa ilikuwa kwamba TANU ilijengwa kwa ajili ya kudai uhuru, na uhuru ukishapatikana chama kinaweza kulala usingizi huku viongozi wake wote wamehamia serikalini. Wapo wanaosema kulikuwa na msukumo pia: ndani ya chama watu walinung'unika kwamba madaraka yanahamia kwa Waafrika polepole mno. Sioni kwa nini sababu zote mbili zisiwe za kweli. Mwaka ulipoisha alirudi kwa kura, safari hii akigombea urais dhidi ya Zuberi Mtemvu, na akapata zaidi ya asilimia 98.

Jambo ambalo husahaulika ni kwamba katika miezi hiyo hiyo ambayo Mwalimu alikuwa nje ya serikali, serikali ya Kawawa ilipitisha Sheria ya Kuweka Watu Kizuizini ya mwaka 1962. Nitairudia huko chini.

Mbona hakuwahi kufungwa na wakoloni kama Kenyatta au Nkrumah?

Alikaribia. Mwaka 1958 alishtakiwa kwa kuwakashifu wakuu wa wilaya wawili wa Kiingereza katika gazeti la chama, akahukumiwa faini ya shilingi 3,000 au kifungo cha miezi sita. Alilipa. Wapo waliotamani aende jela, maana siku zile jela ilikuwa kama shahada ya siasa. Yeye alikuwa na uchaguzi mbele yake na hakutaka fujo itakayowapa wakoloni kisingizio cha kuifungia TANU.

Uchaguzi wenyewe ulikuwa ule wa kura tatu, ambao kila mpiga kura alilazimika kumchagua Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja. Ulikuwa mpango wa dharau, na wanachama wengi walifika kwenye mkutano wa Tabora, Januari 1958, wakiwa wameshaamua kuususia. Wanaosimulia mkutano ule husema Mwalimu aliwatolea mfano wa mtu aliyevaa kanzu nyeupe: shamba lake limeiva, lakini njia ya kulifikia inapita kwenye tope. Ataacha mazao yaoze ili kanzu isichafuke? Mkutano ukakubali kushiriki. Mtemvu alitoka TANU akaunda chama chake. Uchaguzi ulipokwisha, wagombea wa TANU na wale walioungwa mkono nayo walikuwa wamezoa viti vyote vilivyoshindaniwa.

Siku zake mbaya kuliko zote madarakani zilikuwa zipi?

Wengi hutaja vita vya Kagera. Mimi nataja wiki ya Januari 20, 1964.

Usiku wa kuamkia siku hiyo askari wa kambi ya Colito, ambayo leo ni Lugalo, waliasi. Walitaka mishahara zaidi na walitaka maofisa wa Kiingereza waondoke. Rais na Makamu wake wakafichwa. Aliyejitokeza kuzungumza na askari ni waziri wake, Oscar Kambona, na mjini maduka yakaporwa. Mapinduzi ya Zanzibar yalikuwa na siku nane tu tangu yatokee, kwa hiyo hakuna aliyejua mambo yangeishia wapi. Siku chache baadaye Mwalimu akalazimika kufanya jambo ambalo hakuna rais wa nchi iliyojitawala juzi angependa kulifanya: aliwaomba Waingereza waje wawapokonye silaha wanajeshi wake. Walikuja Januari 25, na ilichukua muda mfupi sana.

Mwalimu hakuificha aibu ile. Mwezi uliofuata aliita mkutano wa nchi za Afrika hapa Dar es Salaam, akaeleza kilichotokea na kuomba askari wa Kiafrika washike nafasi ya Waingereza. Nigeria ikaleta wa kwake. Jeshi la zamani likavunjwa. Septemba 1, 1964 likazaliwa jeshi jipya, JWTZ, na safari hii vijana waliandikishwa kupitia chama.

Hapo ndipo ninapoona Nyerere wawili wakitengana. Wa kabla ya Januari 1964 alizungumza kuhusu madaraka kama mwalimu wa darasani, kwa hoja na mifano. Wa baada ya hapo amejua kwamba dola inaweza kuporwa na vijana wachache wenye bunduki kati ya usiku na alfajiri. Viongozi wa vyama vya wafanyakazi walikamatwa kwa wingi baada ya maasi, shirikisho lao likafutwa, na mwaka uliofuata nchi ikawa ya chama kimoja kwa mujibu wa sheria. Tusisome mawazo yake kuhusu umoja kana kwamba yalitoka kwenye falsafa tupu. Kuna hofu ndani yake, na hofu ile ilikuwa na sababu.

(Mwaka mmoja kabla ya maasi alikuwa ametoa tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare kuhusu Julius Caesar, mtawala aliyeuawa na marafiki zake. Rais mwenye jina hilo hilo! Sijengi hoja yoyote hapa. Nimependa tu ulijue.)

Alikuwa dikteta?

Hili ndilo swali linaloulizwa kwa hasira kuliko yote, na pande zote mbili.

Tuanze na yasiyopingika. Kwa ile sheria ya 1962, Rais aliweza kumweka mtu ndani bila kumfikisha mahakamani, na ilitumika. Bibi Titi Mohamed, aliyekuwa akijaza viwanja vya mikutano enzi ambazo kuisikiliza TANU tu kulihitaji ujasiri, alitiwa hatiani kwa uhaini mwaka 1971 na kuhukumiwa kifungo cha maisha. Alitoka mwaka 1972. Wanasiasa wa Zanzibar, Abdullah Kassim Hanga na Othman Sharif, walirudishwa huko mwaka 1969, wakauawa huko. Aboud Jumbe aliingia kwenye kikao cha chama Dodoma, Januari 1984, akiwa Rais wa Zanzibar, akatoka akiwa amevuliwa kila kitu. Ukimtetea Mwalimu bila kuyataja haya, unatetea picha ya ukutani.

Upande wa pili, hakujilimbikizia mali, hakumwandaa mwanawe, na ndani ya chama kimoja aliacha wapiga kura wawaangushe wakubwa. Mwaka 1965 wagombea wawili walisimamishwa jimboni, mmoja akipewa alama ya jembe na mwingine nyumba, na Paul Bomani, waziri wa fedha, akaangushwa Mwanza. Kwa nchi nyingi jirani jambo hilo lilikuwa kama hadithi za abunuwasi.

Lakini yeye mwenyewe alitoa jibu lililo zito kuliko langu. Alikiri kwamba Katiba ilimpa uwezo wa kutosha kuwa dikteta. Maana yake ni kwamba kilichomzuia ni yeye mwenyewe. Hapo ndipo penye tatizo, na nadhani alilitambua akiwa amechelewa: breki ilikuwa ndani ya dereva, haikuwa kwenye gari. Ni mwaka 1984, mwaka mmoja kabla hajaondoka, ndipo Katiba ilipoingizwa haki za binadamu na ukomo wa vipindi viwili vya urais. Na hata hizo haki, mahakama zilisubirishwa hadi 1988 kabla ya kuanza kuzisimamia.

Katika mahojiano ya miaka hiyo aliulizwa angebadilisha nini kama angeanza upya. Alitaja kufuta serikali za mitaa, jambo lililofanyika 1972, na kuvunja vyama vya ushirika, 1976. Angalia alichokichagua. Hakutaja bei ya kahawa wala ukame. Alitaja vyombo viwili ambavyo wananchi walikuwa navyo bila kumwomba mtu wa Dar es Salaam.

Kwa nini alipunguza mshahara wake mwaka 1966?

Kwa sababu ya wanafunzi. Oktoba mwaka huo wanafunzi wa Chuo Kikuu waliandamana hadi Ikulu kupinga masharti ya kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa, ambayo yangewakata sehemu kubwa ya mishahara yao. Bango mojawapo lilidai kwamba wakati wa ukoloni ilikuwa afadhali. Mwalimu alipandwa na hasira. Aliwafukuza karibu 400. Lakini katika kufoka kwake aligeuka na kujitazama: vijana hawa tabia ya kudai makubwa wameitoa wapi kama si kwetu? Pale pale akatangaza kukata mshahara wake kwa asilimia 20. Wengi wa waliofukuzwa walirudishwa baadaye. Mmoja wa waliotimuliwa, Samuel Sitta, alikuja kuwa Spika wa Bunge.

Miezi mitatu na nusu baada ya maandamano yale likaja Azimio la Arusha. Sidhani ni bahati.

Miiko ya uongozi ilikuwa ipi, na imekwenda wapi?

Azimio lilipitishwa Arusha na kutangazwa Februari 5, 1967. Kiongozi wa TANU au wa serikali alitakiwa awe mkulima au mfanyakazi, asiwe na hisa katika kampuni, asiwe mkurugenzi wa kampuni ya kibepari, asiwe na mishahara miwili, asiwe na nyumba ya kupangisha. Mke au mume alihesabiwa pamoja naye, ili mtu asikwepe kwa kuandikisha nyumba kwa jina la mwenzake. Kambona alijiuzulu Juni mwaka huo huo, akaenda London.

Watu hukariri "Tumeonewa kiasi cha kutosha, tumenyonywa kiasi cha kutosha, tumepuuzwa kiasi cha kutosha" na kuliona Azimio kama hati dhidi ya mabeberu. Wakati ule, kwenye meza za wakubwa, kilichoumiza kilikuwa nyumba ya kupangisha. Mtumishi aliyekopa benki na kujenga Oysterbay alielewa haraka kuliko profesa yeyote.

Mwongozo wa TANU wa 1971 uliongeza kwamba kiongozi asiwe mwenye majivuno wala ubwana, na wafanyakazi wa viwandani wakautumia: mameneja walifungiwa nje ya mageti. Serikali haikulifurahia hilo kwa muda mrefu.

Miiko ililegezwa na Halmashauri Kuu ya CCM, chama kilichorithi TANU, iliyokaa Zanzibar mwaka 1991, chini ya mwaka mmoja baada ya Mwalimu kuacha uenyekiti. Hakuna mkutano wa hadhara wala maandamano. Kilichotangazwa kwa matarumbeta kiliondolewa kimyakimya, na wananchi wengi walikuja kulisikia jina la Azimio la Zanzibar baada ya jambo kuisha. Yeye hakulisamehe hilo.

Kwenye vijiji vya ujamaa, si alilazimisha watu?

Alilazimisha, na hiyo ni baada ya kuandika mwenyewe kwamba ujamaa haulazimishwi. Novemba 1973 kuishi vijijini kukawa amri, na mwisho ukawa 1976. Sehemu nyingine watu walibebwa kwenye malori, nyumba zao za zamani zikachomwa wasirudi. Shule na zahanati zilifika kweli, na mamilioni walijifunza kusoma na kuandika. Lakini mkulima aliyehamishwa mbali na mikorosho yake hakuulizwa.

Kuna waziri aliyewahi kuwajibika enzi zake?

Mfano unaokumbukwa ni wa Ali Hassan Mwinyi. Akiwa Waziri wa Mambo ya Ndani alijiuzulu mwaka 1977, baada ya watuhumiwa kuteswa na kuuawa mikononi mwa vyombo vya usalama huko Mwanza na Shinyanga. Hakushika fimbo yeye. Alijiuzulu kwa kuwa walioshika walikuwa chini yake. Na tazama kilichofuata: mwaka 1984 akawa Rais wa Zanzibar, 1985 Rais wa Muungano. Kujiuzulu hakukumzika.

Vita vya Kagera vilimfundisha nini?

Sauti ya Novemba 1978 kila mtu anaijua: "Uwezo wa kumpiga tunao, sababu ya kumpiga tunayo, na nia ya kumpiga tunayo." Idi Amin wa Uganda alikuwa ameivamia Kagera mwezi uliotangulia, na Kampala ilianguka Aprili 11, 1979.

Ushindi ulikuwa sehemu rahisi, ukinielewa. Aliwaomba wananchi wafunge mkanda kwa miezi 18, na waliozaliwa miaka ya sabini watakwambia mkanda ule haukufunguliwa. Mafuta yalikuwa yamepanda bei duniani, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imeshavunjika mwaka 1977, hazina ilikuwa tupu. Foleni za sukari, sabuni ya kukata vipande, khanga kwa kadi. Shirika la Fedha la Kimataifa lilikuja na masharti yake, naye akauliza hadharani, mwanzoni mwa 1980, tangu lini limekuwa wizara ya fedha ya dunia. Swali zuri, na lilishangiliwa. Rafu za maduka zilibaki vilevile. Mkataba ulisainiwa 1986, yeye akiwa hayupo Ikulu, na nadhani alijua kwamba hawezi kuwa yeye wa kuusaini.

"Kung'atuka" ni Kiswahili?

Sasa ni Kiswahili. Alilichukua kwenye Kizanaki, lugha ya kwao Butiama, ambako rika moja la wazee huliachia rika linalofuata shughuli za jamii. Ndiyo maana hakusema anajiuzulu, wala anastaafu. Kujiuzulu kuna kosa ndani yake, kustaafu kuna umri na kiinua mgongo. Kung'atuka kuna zamu. Novemba 5, 1985 Mwinyi aliapishwa.

Wakosoaji hukumbusha kwamba alibaki mwenyekiti wa CCM hadi 1990, na mwenyekiti wa chama kimoja si mtu wa pembeni. Wana haki ya kukumbusha.

Alikuwa na maoni gani kuhusu vyama vingi?

Mwaka 1990 ndiye aliyefungua mlango, aliposema kujadili jambo hilo si uhaini na kwamba chama kisicho na mshindani hujisahau. Tume ya Jaji Nyalali, iliyokusanya maoni, ilikuta wananchi wengi bado wanataka chama kimoja. Hata hivyo mfumo ukabadilishwa 1992.

Ile hotuba ya viboko ni ipi?

Mei Mosi, 1995, Mbeya. Ulikuwa mwaka wa uchaguzi na fedha zilikuwa zinatembea. Alisimulia jinsi sheria ya miaka ya mwanzo ya uhuru ilivyompa mla rushwa kifungo pamoja na viboko 24: 12 siku ya kuingia jela, na 12 siku ya kutoka, akamwonyeshe mkewe. Uwanja ulicheka sana. Katika hotuba zake za mwaka ule alirudia kwamba Ikulu ni mahali patakatifu, na aliuliza anayenunua kura ili aingie humo anakwenda kufanya biashara gani, na fedha alizotumia atazirudishaje.

Umri wake ulikuwa miaka 73. Hakuwa na cheo chochote, na bado neno lake lilitosha kumwinua au kumzamisha mgombea. Wanaompenda huona hapo baba wa taifa. Mimi huona pia lile la breki: miaka kumi baada ya kung'atuka, nchi bado ilikuwa inamtegemea mzee mmoja aseme hapana.

Nianzie wapi kumsikiliza?

Anza na hotuba hiyo ya Mbeya, yote, si vile vipande vya dakika mbili vinavyozunguka kwenye WhatsApp. Kisha soma Azimio la Arusha lenyewe. Ni fupi kuliko unavyodhani. Ukimaliza tafuta tathmini yake ya 1977, aliyoiandika Azimio lilipotimiza miaka kumi, ambamo anahesabu yaliyoshindikana huku bado yuko Ikulu na angeweza kukaa kimya.